Reli ya Uhuru na Nyimbo za Kumshukuru Rafiki: Tulishukuru kwa Lipi?



Anayekwenda Tunduma kutoka Mbeya ana njia mbili. Anaweza kupita barabarani, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, au anaweza kupanda treni ya TAZARA na kushuka kituoni, hatua chache kabla reli haijaingia Zambia. Njia hizi mbili ni kama mapacha. Zote zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na zote zilitegemea fedha za nje. Barabara ya Tanzam ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani na za Benki ya Dunia. Reli ilijengwa na China. Leo barabara inabeba mizigo mingi kuliko reli, na mkazi wa Mpemba au Chapwa hahitaji kuelezwa hilo, kwa maana malori yanapita mlangoni kwake usiku na mchana. Hata hivyo, wimbo wa kuishukuru Marekani kwa ile lami sisi hatujawahi kuusikia. Nyimbo za kuishukuru China kwa reli ziliimbwa shuleni, kwenye mikutano ya TANU, kwenye gwaride na redioni, na baadhi ya waliouimba utotoni ndio babu na bibi zetu wa Vwawa na Tunduma.

Tofauti hiyo imetufanya tukae tufikiri. Je, nyimbo zile zilikuwa shukrani ya kweli, au zilikuwa siasa iliyovikwa nguo ya shukrani? Swali hili linatugusa kuliko linavyoonekana, kwa sababu sisi Wakatoliki ni watu wa kuimba shukrani. Neno Ekaristi lenyewe maana yake ni shukrani. Hakuna jubilei ya parokia isiyo na wimbo wa kuwashukuru wamisionari, na akija mfadhili wa mabati au wa kisima, kwaya huwa imeshatunga wimbo wake kabla gari halijasimama.

Tuanze na historia, maana shukrani haieleweki bila kujua shida iliyoitangulia.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Ilikuwa na shaba, lakini haikuwa na bahari, na reli yake ilielekea kusini kupitia Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake, na tangu hapo Zambia ikawa kama mtu ambaye mlango wake pekee uko chumbani kwa adui. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere na Kenneth Kaunda walitaka njia ya kwenda Dar es Salaam. Wakapita huku na huko kuomba. Benki ya Dunia iliona kwamba reli hiyo isingelipa, na nchi za Magharibi nazo hazikuwa tayari kuijenga. Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huohuo. Mkataba ulisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, reli ikafika Tunduma na kuvuka mpaka mwaka 1973, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na kilomita 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, mengi ya hayo mahandaki yakiwa katika milima kati ya Mlimba na Makambako.

Mwaka uleule ambao reli ilifika Tunduma, Rhodesia ilifunga mpaka wake na Zambia. Kwa hiyo watu wa ukanda wetu walipoiita Reli ya Uhuru hawakuwa wanatia chumvi. Waliona kwa macho yao mlango mmoja ukifungwa na mwingine ukifunguliwa.

Sasa, nyimbo zenyewe zilitoka wapi? Tusijidanganye kwamba zote zilichipuka zenyewe kama uyoga. Tangu Desemba 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akitaka watu warudishiwe ngoma na nyimbo ambazo ukoloni uliwafundisha kuzionea haya. Baada ya hapo muziki mwingi ulikuwa chini ya mwavuli wa umma. Bendi zilimilikiwa na mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya polisi. Rekodi zilifanywa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwaya za shule zilitunga nyimbo kila kiongozi alipotarajiwa, na mwalimu aliyeshindwa kutunga alijua ataulizwa. Mfano mzuri kuliko yote ni Urafiki Jazz Band, iliyokuwa mali ya kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Kiwanda hicho kilijengwa kwa msaada wa China na kilianza kazi mwaka 1968, na urafiki unaotajwa katika jina lake ni wa nchi hizo mbili. Hata bendi ilipopiga wimbo wa mapenzi tu wa Jumamosi usiku, mtangazaji alilazimika kuitaja kwa jina la shukrani. Wachina nao walifanya vivyo hivyo kwao. Mwaka 1973 mchekeshaji maarufu Ma Ji alitunga mazungumzo ya kuchekesha kuhusu ujenzi wa reli hii, na kupitia hayo Wachina wengi wakajifunza neno moja la Kiswahili: rafiki.

Basi, mwenye kusema kwamba nyimbo hizi zilikuwa na mkono wa serikali ndani yake amesema kweli. Lakini hajamaliza. Wimbo wa kuagizwa unaweza kuwa wa kweli. Zaburi nyingi ziliimbwa kwa ratiba ya hekalu, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba ni za uongo. Tunachopaswa kuuliza ni hiki: jambo linaloshukuriwa lilikuwepo, na anayeshukuru anasimama vipi mbele ya anayeshukuriwa?

Hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia sana. Katika sehemu ya pili ya pili ya Summa Theologiae, maswali ya 106 na 107, anaitazama shukrani kama fadhila. (Angalia uzuri wa Kiswahili chetu: fadhila ni wema uliotendewa, na fadhila pia ni tabia njema ya moyo. Lugha yetu imeyafunga mambo mawili katika neno moja.) Anasema shukrani ina ngazi tatu: kwanza kuutambua wema uliotendewa, pili kuusema kwa maneno, tatu kuulipa kwa wakati na mahali panapofaa, kwa kadiri ya uwezo. Anaongeza jambo tunaloliona kuwa ufunguo wa mada yetu. Deni la haki hupimwa kwa kitu kilichotolewa. Deni la shukrani huangalia zaidi moyo wa aliyetoa.

Tuirudie reli kwa macho hayo. Kwa mazoea tunasema reli ilikuwa msaada wa Wachina. Neno msaada kwetu ni gunia, tunatia humo kila kitu: zawadi, mkopo, chakula cha njaa, vitabu vya mitumba. Ukweli ni kwamba reli ilikuwa mkopo, yuani milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30. Mkopo hauimbiwi, mkopo hulipwa. Mtu anayekopa dukani na kulipa mwisho wa mwezi hamtungii muuza duka wimbo. Tena mwaka huohuo wa 1967, Februari, Azimio la Arusha lilikuwa limewaonya Watanzania waziwazi kwamba zawadi na mikopo inaweza kuhatarisha uhuru wao. Miezi saba baadaye nchi ikasaini mkopo mkubwa, na baada ya hapo ikaimba. Je, huu si ukinzani?

Tunaona ungekuwa ukinzani kama waimbaji wangekuwa wanaishukuru China kwa fedha. Lakini fikiria mkopo huo ulikuwaje. Haukuwa na riba. Gharama za hapa nchini zilifidiwa kwa kuuza bidhaa za China madukani, ndiyo maana nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa na beseni au chupa ya chai ya Mchina. Zaidi ya hayo, mwaka 1964 Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya China, na ya nane ilisema kwamba wataalamu wa China wataishi katika hali ileile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, bila kudai makuu. Watu wa vijiji vya reli waliona hilo likitendeka. Waliona watu walioitwa mafundi na wahandisi wakikaa kambini, wakilima mboga zao, wakishika sururu. Sisi tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni alikuja na jembe lake mkononi. Na wengine hawakurudi kwao: zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika kazi ile, na wako makaburini Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Waafrika pia walikufa, kati ya makumi elfu waliofanya kazi kwenye reli.

Hilo ndilo lenye kuimbiwa. Riba ambayo haikudaiwa, jasho lililochanganyika na letu, watu waliokufa mbali na mama zao. Lami ya Marekani ilikuwa kazi nzuri, na tunasafiri juu yake kwa faida, lakini ilikuja kwa njia ya kandarasi, na aliyekuja kwa kandarasi hulipwa akaondoka. Kama Mtakatifu Tomaso yuko sahihi, watu hawakukosea kuimba kuhusu njia moja na kunyamaza kuhusu nyingine. Waliusoma moyo wa mtoaji, hata kama waliusoma kwa kusaidiwa na redio.

Lakini hapa tunafika mahali pagumu, na kwa jarida la seminari hatuwezi kupakwepa.

Nyimbo za wakati ule zilikuwa na mazoea ya kutaja wakubwa. Nyerere, Kaunda, Mao. Na wakati watoto wetu wanaimba, China ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966. Makanisa karibu yote yalikuwa yamefungwa. Mapadre na watawa walikuwa makambini na gerezani. Askofu Ignatius Kung Pin-mei wa Shanghai alikamatwa Septemba 1955, akatoka mwaka 1985. Maana yake siku reli inakabidhiwa, Julai 1976, askofu huyo alikuwa na zaidi ya miaka 20 kizuizini kwa sababu alikataa kutengana na Baba Mtakatifu. Mtoto wa Kikatoliki wa Mbozi aliyemsifu Mwenyekiti Mao asubuhi shuleni na kusali rozari jioni nyumbani hakujua kwamba sala na wimbo wake vilikuwa na ugomvi.

Je, alitenda vibaya? Mwenzetu mmoja darasani alishikilia kwamba mtesaji hashukuriwi. Sisi wengine hatukukubaliana naye, ingawa tulimwelewa. Anayekutendea wema amekutendea wema, hata kama kwake anamtendea jirani yake ubaya. Kukataa kuutambua wema huo ni kusema uongo kuhusu jambo lililotokea. Ila shukrani haitudai tuidhinishe yote anayotenda mfadhili, wala haitufungi ulimi. Mtakatifu Tomaso, mbele kidogo katika kitabu hichohicho, swali la 115, anazungumzia kujipendekeza, na anasema ni dhambi pale sifa inapovuka mpaka wa ukweli au inaposifu lisilostahili sifa. Mpaka uko hapo. Kumshukuru mjenzi wa daraja la Mlimba ni ukweli. Kumwita mtawala mkombozi wa wanyonge wote wa dunia, huku wanyonge wa kwake wako gerezani, ni kujipendekeza. Wimbo mmoja unaweza kuwa na beti za aina zote mbili, na kwa kweli nyingi zilikuwa hivyo. Kwa maoni yetu, kadiri ubeti ulivyomkaribia mfanyakazi mwenye sururu ndivyo ulivyokuwa shukrani, na kadiri ulivyopanda kwenda kwa wakubwa ndivyo ulivyoanza kunukia ule usemi wa wazee, kwamba mkono mtupu haulambwi.

Kuna kipimo kingine cha kujua kama mtu anashukuru au anajipendekeza: angalia kama anaweza kusema hapana. Tanzania ya miaka ile iliweza. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Nyerere hakukubali msaada utumike kama kamba, akawaambia waondoe na uliobaki. Desemba mwaka huohuo nchi ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Watu walioweza kuacha fedha nyingi hivyo hawakuwa ombaomba. Walipoimba kuhusu China, waliimba wakiwa wamesimama. Mwenye kupokea huku amepiga magoti hana jinsi ya kujua kama wimbo wake ni shukrani au ni hofu.

Ngazi ya tatu, ya kulipa, ilifika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuhusu kiti cha China. Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio hilo, na lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35. Balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mmoja wa walioshangilia hadharani ukumbini. Wachina wenyewe hadi leo husema kwamba ndugu wa Afrika ndio waliowaingiza Umoja wa Mataifa. Hapa rafiki mdogo alimlipa rafiki mkubwa kitu ambacho mkubwa hakuwa nacho. Deni la yuani lilibaki pale pale, la kulipwa kwa yuani.

Jambo moja linaweza kuharibu yote haya, na Waswahili wana neno lake: masimango. Mfadhili anayekukumbusha kila siku alichokupa anakigeuza kuwa deni lisilolipika. Seneca, ambaye Mtakatifu Tomaso anamtumia sana katika mada hii, alifundisha kwamba mtoaji anapaswa kusahau upesi na mpokeaji asisahau kamwe. Mara nyingi mambo huwa kinyume: mtoaji anaandika jina lake ukutani kwa herufi kubwa, mpokeaji anasahau kufagia jengo. TAZARA ilijengwa iwe na uwezo wa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, na haijawahi kufikia kiwango hicho. Vichwa vya treni viliharibika, vipuri havikuja, mizigo ikahamia kwenye malori. Kuimba kuhusu zawadi na kuacha kuitunza ni kubaki ngazi ya pili. Tunaposema hivi hatusemi kuhusu reli pekee. Kuna visima vya parokia vyenye kibao cha mfadhili kinachong'aa na pampu isiyotoa maji.

Tunaandika haya kwa sababu mambo yanarudi. Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mwaka uliofuata ulitiwa saini mkataba wa kuikabidhi kwa kampuni ya China kwa miaka 30, na uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Safari hii ni biashara. Kampuni itawekeza, itaendesha na itatafuta faida yake, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini bila shaka siku treni mpya itakapofika Tunduma kutakuwa na kwaya kituoni, na mwalimu wa kwaya ataombwa wimbo. Tungependa ajue kwamba wimbo wa mwaka 1976 haumfai. Ule ulimshukuru mtu aliyekuja na jembe lake kwa mkopo usio na riba wakati wengine wamekataa. Huyu wa sasa anastahili kukaribishwa vizuri, mkataba wake kusomwa vizuri, na wafanyakazi wake na wetu kuombewa salama. Akilima mboga kambini pamoja na vijana wetu, tutatunga ubeti mwingine.

Kwa sasa kuna kazi iliyo karibu zaidi. Wazee walioimba nyimbo za reli wakiwa darasani, na wale waliobeba mataruma kwa mabega, wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Parokia zetu za Tunduma, Vwawa na Mlowo zina wana kwaya wenye simu za kurekodi. Tunawaomba muwatembelee babu na bibi hawa, mrekodi nyimbo wanazozikumbuka, na muandike ni kwaya gani ilizitunga, kwa Kiswahili, Kinyiha au Kinyamwanga. Waulizeni hasa kama kulikuwa na ubeti uliomtaja mfanyakazi kwa jina, Mchina au Mwafrika. Tutakaporudi likizo tutapita kusikiliza.